Nilitafuta mpaka Uingereza, nikaupata barabarani bila askari

Na Mwandishi Wetu

Mama yangu ameuza mitumba Busia kwa zaidi ya miaka 25. Siku nilipomwambia kwamba naenda Uingereza, hakuuliza nitalala wapi wala nitakula nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Huko ndiko yanakotoka marobota?"

Nikamjibu kwamba mengi hutoka huko.

"Basi kaangalie wao kwa wao wanauziana bei gani."

Nilikuwa nimealikwa kwenye mafunzo mafupi ya uandishi jijini London, na baada ya hapo nilipanga kuzunguka siku kumi kwa nauli yangu mwenyewe. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za mipaka ya Afrika Mashariki, niliamua kwamba huko nako sitapoteza muda na majumba ya wafalme. Nitatafuta mipaka. Nilitaka kuona watu walioichora mipaka yetu kwa rula wanaishi vipi na ya kwao.

Kwanza ilibidi nivuke mpaka mkali kuliko yote, yaani fomu ya viza. Inataka taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole, na tarehe ya kuzaliwa ya mama yako. Mama anajua kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, 1961, mahindi yakiwa shambani. Fomu haina kisanduku cha mahindi. Ilitaka pia nithibitishe kwamba nitarudi nyumbani. "Waambie mbuzi wako wako kwangu," mama alinishauri. Sikuandika, lakini hadi leo naamini huo ndio ulikuwa ushahidi wangu mzito zaidi.

Salamu isiyotaka jibu

London ilinifundisha adabu kuanzia siku ya kwanza. Mwenye duka aliniuliza kama niko salama. Kwetu mtu akikuuliza hali, unamjibu: wewe, watoto, mvua na mifugo. Nikaanza kumweleza kuhusu goti langu lililovimba ndani ya ndege. Nilipofika kwenye kisigino, watu sita walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, kimya, na mwenye duka alikuwa amegeuka mwekundu kama nyanya. Nikaelewa kwamba lile si swali. Ni kelele tu ya kirafiki, kama honi ya bodaboda.

Kwenye treni za chini ya ardhi watu hubanana kuliko matatu ya saa kumi na mbili jioni, lakini hakuna anayemsemesha mwenzake. Kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, na mwenye haraka anapita kushoto. Mimi nilisimama kushoto. Hakuna aliyenitukana. Mtu mmoja alisema samahani nyuma yangu, kwa sauti ambayo mtu wetu angeitumia kumwambia mwizi "weka chini hicho kitu". Nilihama mara moja.

Foleni ndiyo dini yao ya pili. Kituoni nilikuta mtu mmoja amesimama peke yake, nikasimama kando yake. Akasogea kidogo ili niwe nyuma yake. Tulikuwa watu wawili na tayari tulikuwa na foleni. Nilikumbuka stendi ya Busia, ambapo abiria huingia kwa dirisha hata kama basi ni tupu.

Mitumba kabla haijawa mitumba

Sikusahau kazi ya mama. Karibu kila mji wa Uingereza una maduka ya hisani, ambako watu hupeleka nguo wasizozitaka, na fedha za mauzo huenda kwa wagonjwa, yatima au hata punda wazee. Wauzaji wengi humo ni wastaafu wanaojitolea bila mshahara. Nguo ikikaa sana bila mnunuzi, huondolewa, huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa jumla, huchambuliwa na kufungwa marobota. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo nyingi za mitumba duniani. Kwa maneno mengine, mama anauza kilichowashinda wale mabibi.

Bibi mmoja aliniuzia shati la mistari kwa pauni nne, karibu shilingi 700 za Kenya. Nilijaribu kuomba apunguze. Alinitazama kwa huruma kubwa na kunieleza kwamba fedha hizo ni za watoto wagonjwa. Niseme ukweli: katika miaka yote ya kukua sokoni sijawahi kushindwa katika mapatano ya bei kwa haraka namna ile.

Arafa wa Wales

Mpaka wa kwanza niliovuka ulikuwa kati ya England na Wales. Hapa nifafanue jambo ambalo Kiswahili chetu kinatuchanganya. Sisi husema "Uingereza" tukimaanisha nchi nzima, lakini ndani yake mna England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, na kila mmoja ana timu yake ya mpira na kinyongo chake. Nilimwita mzee mmoja wa Uskoti "Mwingereza". Alinisahihisha kwa dakika ishirini, na alianzia mwaka 1314.

Basi letu lilivuka daraja refu la mto Severn. Kwa miaka mingi daraja hilo lilikuwa na ushuru uliotozwa upande mmoja tu: unalipa ukiingia Wales, unatoka bure. Utani uliotokana na hilo, jaza mwenyewe. Ushuru ulifutwa Desemba 2018, na sasa kinachokujulisha kwamba umevuka ni kibao cha kukukaribisha na lugha ya Kiwelshi iliyoandikwa kila mahali sambamba na Kiingereza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jina la Araf. Limechorwa barabarani kwa herufi kubwa nyeupe kila kona. Nikajiuliza huyu Arafa ni nani, mfanyabiashara gani mwanamke aliyefanikiwa kiasi cha kulipia matangazo kwenye lami ya nchi nzima. Nilimuuliza dereva. Araf ni Kiwelshi, na maana yake ni "polepole".

Dukani nilitozwa fedha kwa mfuko. Wales ilianza kutoza mifuko Oktoba 2011, ya kwanza katika nchi nzima, na England ikafuata mwaka 2015. Muuzaji alinieleza jambo hilo kwa fahari. Nilimwambia kwa upole kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kwamba kuna wafanyabiashara ninaowafahamu ambao mifuko yao ilibaki mpakani Gatuna wakavuka na vitunguu mikononi. Alinyamaza. Mara moja moja nasi tunawatangulia.

Ukuta, wahunzi na wiski

Kaskazini mwa England kuna basi lenye namba AD122. Namba hiyo si ya bahati: mwaka 122 ndipo Mfalme Hadrian wa Roma alipoamuru ujengwe ukuta wa kukata kisiwa kutoka pwani hadi pwani, urefu wa kilomita zipatazo 117. Nilidhani ulikuwa wa vita tu, lakini ukuta huo una malango karibu kila maili ya Kirumi, na wanahistoria wengi huamini kwamba ulitumika pia kudhibiti wapitaji na kutoza ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo afisa forodha alikuwepo miaka 1,900 iliyopita, kwenye baridi, akimuuliza mwenye ng'ombe anakwenda wapi.

Katika ngome ya Housesteads bado unaweza kuona vyoo vya askari. Havikuwa na vyumba. Walikaa bega kwa bega, wakizungumza. Warumi walipoondoka, wenyeji walibeba mawe ya ukuta na kujengea nyumba, mazizi na makanisa. Ni mpaka pekee niliousikia uliovushwa wenyewe, jiwe kwa jiwe.

Ukuta huo leo uko wote ndani ya England. Mpaka halisi na Uskoti uko kaskazini zaidi, na kijiji cha kwanza ukivuka karibu na mji wa Carlisle ni Gretna Green. Msomaji wangu wa mpakani, hiki ni kijiji chako. Sheria ya England iliyotungwa mwaka 1753 ilikataza aliye chini ya miaka 21 kuoa au kuolewa bila idhini ya mzazi. Uskoti haikuwa na sharti hilo. Mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 12 waliweza kutamka tu mbele ya mashahidi wawili kwamba wameoana.

Unajua kinachotokea sheria zinapotofautiana pande mbili za mto mdogo. Vijana walivuka kwa magari ya farasi, baba wakiwafukuza nyuma. Wahunzi wa Gretna waliacha kutengeneza majembe wakafungisha ndoa kwa kugonga nyundo juu ya fuawe. Wenye nyumba za wageni waliuza vyumba kwa dharura. Mwaka 1856 serikali ilifunga mwanya huo kwa kudai mmoja wa wanandoa awe amekaa Uskoti siku 21, lakini kijiji hakikufilisika. Hadi leo maelfu ya watu huenda kufunga ndoa pale bila kufukuzwa na yeyote. Biashara ilianza kwa tofauti ya sheria, ikaendelea kwa jina.

Tofauti nyingine ingali hai. Tangu mwaka 2018 Uskoti ina bei ya chini kabisa ya pombe, na Septemba 2024 ilipandishwa hadi peni 65 kwa kipimo kimoja. Nilipiga hesabu: chupa ya wiski ya mililita 700 yenye asilimia 40 ya kilevi haiwezi kuuzwa huko chini ya pauni 18.20. England haina sheria hiyo. Yaani nchi iliyoipa dunia wiski ndiyo inayokataza kuiuza rahisi, na dakika chache kusini bei ni hiari ya muuzaji. Nilisimama kwenye daraja la mto Sark nikihesabu magari yanayoelekea kusini. Sikuona bodaboda hata moja. Pengo kubwa sokoni.

Kosa langu lilikuwa kuchukua pauni ishirini kwenye mashine ya ATM upande wa Uskoti. Benki tatu za huko hutoa noti zake zenyewe, zenye picha zake zenyewe. Ni pauni halali, thamani ileile. Siku ya kurudi, muuzaji mmoja London aliigeuzageuza noti yangu, akaiinua kwenye taa, akamwita mwenzake, kisha akaikataa. Nchi moja, serikali moja, pauni moja. Nilimwambia kwamba Busia mtoto wa miaka kumi angenibadilishia noti hiyo kuwa shilingi za Kenya au za Uganda kabla ya basi kuondoka, na angejua bei ya siku. Aliniomba nitumie kadi.

Forodha baharini

Kutoka Uskoti nilipanda feri Cairnryan hadi Belfast, Ireland ya Kaskazini. Ni safari ya saa mbili na ushee. Kwa abiria ni maji tu na chai isiyochemshwa na maziwa. Kwa mzigo ni jambo jingine kabisa.

Uingereza ilipiga kura mwaka 2016 kuondoka Umoja wa Ulaya, ikaondoka rasmi Januari 31, 2020. Jamhuri ya Ireland ilibaki ndani. Hivyo mstari kati ya Ireland mbili ukawa ghafla mpaka wa soko zima la Ulaya. Hakuna aliyetaka kurudisha mageti pale, kwa sababu nitakazozieleza, basi ukaguzi ukahamishiwa baharini, ndani ya nchi yao wenyewe. Tangu Oktoba 2023 kuna njia mbili: ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland ya Kaskazini, yenye karatasi chache, na nyekundu kwa zinazoweza kuendelea hadi Jamhuri, yenye karatasi zote. Baadhi ya vyakula hubandikwa maandishi ya kusema kwamba si vya Umoja wa Ulaya.

Ndani ya feri dereva mmoja wa lori alinionyesha kabrasha lake la nyaraka. Alilalamika kwa nusu saa nzima. Nilisikiliza kwa raha isiyo ya kawaida. Ulikuwa wimbo wa Malaba, ila kwa lafudhi ya Belfast.

Hatua moja

Siku yangu ya mwisho nilifika Newry, mji ulio kilomita chache tu kutoka mpaka wa Ireland. Nilikodi teksi. Dereva alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, mzaliwa wa pale. Tulipita maduka ya kubadilisha fedha na vituo vya mafuta, na moyo wangu ukachangamka: hii sasa ni harufu ya nyumbani.

"Tumefika," alisema, akasimamisha gari.

Nilitazama. Hapakuwa na kitu. Mstari wa pembeni mwa barabara, uliokuwa mweupe, mbele yetu ukawa wa njano. Kibao cha mwendo kikaacha maili, kikaanza kilomita. Masanduku ya posta upande huu ni mekundu, upande ule ya kijani. Ng'ombe walikuwa wakila majani pande zote mbili bila cheti cha mifugo. Mpaka huo una urefu wa karibu kilomita 500 na zaidi ya barabara 200 zinazouvuka.

Mzee alinisimulia kwamba haukuwa hivyo. Alipokuwa mtoto, siagi ilikuwa ikipatikana kwa bei tofauti pande hizi mbili, na mama yake alivuka akiwa ameificha ndani ya koti. Maafisa forodha walikuwa na mbinu yao: walimkaribisha mama waliyemshuku akae karibu na jiko la moto, wakampa chai, wakasubiri. Siagi ilijisemea yenyewe.

Nilicheka hadi machozi, kisha nikamweleza kuhusu mama yangu, ambaye miaka ya zamani alivuka kwenda Uganda akiwa mwembamba na kurudi mnene, amevaa vitenge vinne. Mzee aligonga usukani kwa furaha. Tulikuwa watoto wa kazi moja.

Halafu akaacha kucheka. Alinionyesha kilima ambako palikuwa na mnara wa jeshi. Katika miongo mitatu ya machafuko watu wapatao 3,500 waliuawa. Askari walisimamisha magari, barabara ndogo zililipuliwa ili zisipitike, na vituo vya mpakani vilikuwa shabaha. Ukaguzi wa forodha uliisha mwaka 1993 kwa sababu ya soko la pamoja la Ulaya. Askari na minara yao waliondoka kidogo kidogo baada ya makubaliano ya amani ya Aprili 10, 1998. "Usidhani hapa hapana kitu," alisema. "Hapa pana kitu kilichoondolewa." Nikaelewa kwa nini walikubali usumbufu wa karatasi baharini kuliko kusimamisha geti moja pale.

Mzee akatembea hadi kwenye mstari wa njano, akageuka, akaniita.

Sikwenda.

Viza yangu ilikuwa ya Uingereza. Jamhuri ya Ireland ni nchi nyingine, yenye viza yake, ada yake na fomu yake. Raia wa nchi hizo mbili huvuka bila pasipoti, lakini ruhusa hiyo haimhusu Mkenya, Mganda wala Mtanzania. Hakuna ambaye angenizuia. Hapakuwa na askari, kamba wala kamera niliyoiona. Lakini kwenye mabasi na treni za njia hiyo maafisa huweza kuomba nyaraka wakati wowote, na mtu anayetaka viza tena maishani hachezi na jambo hilo. Nilisimama na viatu vyangu kwenye lami ya mstari mweupe, nikitazama ng'ombe.

Mzee alielewa. Akaenda peke yake hadi dukani upande wa pili, akarudi na chokoleti aliyoilipia kwa yuro. Akanikabidhi juu ya mstari kwa heshima zote. Ndivyo mtoto wa Busia alivyovushiwa mzigo.

Ripoti kwa mama

Niliporudi Busia nilimkuta mama amekaa juu ya robota. Nikamweleza kuhusu mpaka usio na geti. Akafikiri.

"Kwa hiyo wewe ulivuka?"

"Hapana, mama. Sikuwa na karatasi."

"Na hapa?"

Hapa navuka kwa kitambulisho. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimeweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupewa cheti rahisi cha asili papo hapo mpakani na asilipe ushuru wa forodha. Mitumba haimo, na mama analijua hilo vizuri, lakini mahindi, maharage na nyanya za majirani zake zimo. Wengi wao bado hupita vichochoroni kwa kuogopa dawati ambalo lingewahudumia, au kwa sababu waliwahi kufika hapo wakaombwa "kitu kidogo". Hilo la pili siwezi kulitetea. La kwanza nalisema kila ninapopata nafasi: ulizia cheti, na uulizie dawati la taarifa za biashara.

Geti letu lipo, na lina kelele. Lakini mimi nalipita. Lile la Ireland halionekani, na ndilo lililonizuia. Sijui kama mama aliridhika na maelezo hayo. Alikuwa tayari ananyoosha mkono apewe zawadi yake.

Nikampa shati la mistari. Aliligeuza, akavuta kola, akatazama mishono, akanusa kwapa.

"Ulinunua ngapi?"

"Pauni nne. Kama shilingi 700."

Mama alilikunja taratibu, akaliweka juu ya rundo la mashati mengine.

"Mwanangu," alisema, "hili ningekupa kwa 150. Na ungeniomba nipunguze."